Zimwi la Sabaki: Mwongozo wa Kutengeneza Filamu ya Kutisha Ukiwa Kakuyuni

Ukitaka kutengeneza filamu ya mnyama aliyegeuka zimwi kwa sababu ya sumu, na mfukoni una pesa za kununulia gundi na vocha tu, Kakuyuni ni mahali pazuri pa kuanzia. Upande mmoja una msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa pili una mto. Na mto wenyewe unakuja na hadithi yake. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ukakutana na Tsavo ukaitwa Galana, na Galana ukifika kwetu ukaitwa Sabaki, halafu ukamwaga baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Kinachomwagwa kwenye mfereji wa Nairobi kina njia ya kufika hapa. Huhitaji roketi wala maabara. Unahitaji mtu mmoja kule juu ya mto, lori moja usiku, na kiumbe kimoja huku chini.

Kabla hujashika simu kurekodi, chukua daftari uandike sentensi moja: nani alimwaga nini, wapi, na kwa nini. Usiposhika jambo lingine lolote katika mwongozo huu, shika hili. Filamu za aina hii nchi nyingine zinaweza kuacha chanzo kwenye ukungu, mtazamaji akatoka akicheka. Kwetu haiwezekani. Kaunti ya Kilifi ina wazee waliouawa na wengine waliofukuzwa makwao kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi kosa lao likiwa mvi na macho mekundu; kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee wa namna hiyo. Ukimtia mtu hofu kuu usiku, kisha ukamwachia swali la nani kaleta balaa, anaenda nalo nyumbani, na jibu la haraka huwa ni babu au hawe wa jirani. Kwa hiyo mwonyeshe mwenye makosa. Mwonyeshe ndani ya dakika kumi za kwanza, uso wake, lori lake, bomba lake. Na usiweke mganga, mzee wa mvi wala bibi anayeishi peke yake kama mshukiwa hata kwa dakika tano za kupoteza watu maboya. Baadhi ya watazamaji wako watasinzia, wengine watatoka nje kununua viazi karai, na watarudi nyumbani na zile dakika tano tu.

Waliobobea katika kazi hii wamefanya hivyo hivyo, kwa sababu zao. Mwezi Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa ndani ya mashua iliyoitwa Lucky Dragon namba 5. Mwezi Novemba mwaka huo huo Ishirō Honda akatoa Gojira, zimwi linaloamshwa na mabomu, na filamu inaanza na chombo kinachoteketea baharini. Mkorea Bong Joon-ho, katika The Host ya mwaka 2006, anafungua kwa chumba cha maiti ndani ya kambi ya jeshi la Marekani mjini Seoul: mkubwa anamwamuru msaidizi wake amwage chupa za formalini kwenye sinki linaloelekea mto Han. Tukio la kweli la namna hiyo lilikuwa limetokea mwaka 2000. Anayetazama hana haja ya kumtafuta mchawi.

Muundo wa hadithi tunao tayari, na ni wetu. Soma upya kisa cha Sultani Majnun na Nunda, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa ngano za Waswahili. Paka wa Sultani anaanza kula mifugo. Watu wanakwenda kushtaki, Sultani anasema paka ni wake na aliyeliwa ni wake. Paka anakua. Anakula watu, jibu ni lile lile. Mpaka anapokula watoto wa Sultani mwenyewe ndipo baba anakubali kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Weka mahali pa Sultani mwenye kiwanda, au diwani aliyelainishwa, na filamu yako imepata mgongo: kila zimwi linapokua, kuna mtu wa cheo anayetoa kisingizio kipya. Andika visingizio hivyo kwa uangalifu kuliko makelele ya watu wanaokimbia.

Sumu hufanya nini hasa

Mtazamaji wa leo ana simu na atauliza. Sumu haimfanyi mnyama awe mkubwa kama basi kwa usiku mmoja, na hilo unaruhusiwa kulizua. Lakini hatua za mwanzo, kabla zimwi halijatokea, zichukue kutoka kwenye mambo yaliyotokea, kwa sababu yanatisha kuliko utakayoyabuni.

Mjini Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga maji yenye zebaki kwenye ghuba kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Zebaki ikaingia kwa viumbe wadogo, wadogo wakaliwa na samaki, samaki wakaliwa na paka na watu, na kila hatua sumu ikizidi kukolea. Paka walionekana wakizunguka kama wanaocheza ngoma, wakitetemeka, wengine wakaanguka baharini. Ugonjwa wa watu ukatangazwa rasmi mwaka 1956. Tazama mpangilio ulivyo: samaki, paka, mtoto. Hayo ni maonyesho matatu tayari.

Karibu zaidi, kuna Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwatia watu madini ya risasi miilini. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua kwamba mtoto wake wa kunyonya alikuwa na risasi kwenye damu, akaanzisha mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Usitengeneze filamu ya Owino Uhuru bila wenyewe. Chukua tu funzo la uandishi, kwamba sumu iliingia nyumbani kwa njia ya mama anayempenda mwanawe.

Na Watamu, kwa mwendo wa saa moja hivi kwa pikipiki, Local Ocean Conservation wana hospitali ya kasa. Wapigie, uombe kutembelea. Utaambiwa habari za kasa wanaoelea juu ya maji bila kuweza kuzama kwa sababu matumbo yamejaa hewa, mara nyingine baada ya kumeza plastiki, na za kasa wa kijani wenye uvimbe mkubwa wa nyama unaoota machoni na shingoni. Uvimbe huo unahusishwa na virusi, na watafiti wengi wameukuta zaidi kwenye maji machafu. Ukishaona mnyama mwenye uvimbe hadi jicho limefunikwa, utajua kwamba kazi ya fundi wa mazimwi ni kunakili tu.

Mchague mnyama

Zimwi likujualo ndilo linaloleta baridi ya uti wa mgongo. Simba wa mabawa haogopwi na mtu wa Kakuyuni. Ushauri wangu ni kambare. Watu wanamjua, wanamla, ana sharubu, hana magamba, na ana kiungo cha kupumulia hewa kinachomwezesha kutambaa juu ya matope kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine usiku wa mvua. Yaani kambare wa kweli tayari hutoka majini. Wewe unamwongezea ukubwa na njaa tu. Watu watakapomwona akivuka shamba la mahindi hawatasema haiwezekani.

Kuna wanyama ambao usiwaguse. Bundi kwanza: tayari anapigwa mawe kwa kuogopwa, na bundi mdogo wa Sokoke hapatikani katika misitu mingi duniani. Sengi wa makalio ya dhahabu vile vile. Huyu ni fahari ya msitu wetu, asigeuzwe adui. Kasa pia, kwa kuwa wapo wanaomwinda bado. Wanyama hawa wape nafasi ya waathiriwa. Kasa mmoja aliyekufa ufukweni, aliyetengenezwa kwa gunia na karatasi, atafanya kazi kubwa katika dakika ya tatu.

Mwili wake

Usitengeneze zimwi zima. Tengeneza kichwa, mgongo na mkia, vitu vitatu tofauti, na usivionyeshe pamoja kwenye picha moja. Mtazamaji ataviunganisha mwenyewe, na kambare aliye akilini mwake atakuwa mrefu kuliko yeyote unayeweza kumlipia.

Kichwa kiunde kwa fito nyembamba zilizofungwa kwa waya wa kufungia, zikunje mpaka zipate umbo pana na bapa. Juu yake tandika gunia, ulishone kwa uzi wa nyavu. Kwa ngozi, nenda kwa fundi wa pikipiki uombe tyubu zilizochoka. Pasua tyubu kwa urefu, ioshe poda ya ndani, uikate vipande vya upana wa kiganja na uvishone vikipandana kidogo kuelekea nyuma. Tyubu kavu inaonekana tyubu. Sasa chemsha bamia nyingi, uzikamue kwenye kitambaa, na ule utelezi uupake juu ya ngozi dakika chache kabla ya kurekodi. Mwanga wa tochi ukiipiga kwa ubavu, utaona kambare aliyetoka majini sasa hivi, na utelezi unadondoka kwa nyuzi ndefu kutoka mdomoni. Ukikauka, paka tena. Sharubu ni vipande vya mpira wa kumwagilia maji vyenye waya ndani ili vikae vinavyotaka kukaa.

Karatasi za gazeti na gundi ya unga ni nafuu na zinafaa kwa ule uvimbe wa machoni na kwa wanyama waliokufa, lakini zisiende majini kabisa: zitakuwa uji kabla hujasema "tayari". Na gundi ya unga inapendwa na panya. Tundika kazi yako darini, isilale sakafuni.

Damu ni rangi ya chakula, sukari iliyochemshwa na unga kidogo. Wale vijana wa Wakaliga, Kampala, chini ya Nabwana I.G.G., aliyetengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti anayosema haikufika dola 200, hujaza damu ya bandia kwenye kondomu, huifunga chini ya shati, na kuivuta kwa uzi wa kuvulia ipasuke. Inafanya kazi vizuri. Usitumie damu ya machinjioni; ina magonjwa.

Moshi upate kutoka kwenye makumbi ya nazi yaliyolowa kidogo. Ni mweupe, mzito, na unakaa chini. Usichome matairi, huwezi kuhubiri habari za sumu ukiwavutisha waigizaji wako.

Atakayevaa kichwa apumzishwe. Haruo Nakajima, aliyekuwa ndani ya Gojira, alipewa vazi la kwanza lenye uzito wa karibu kilo 100 na kuvaa humo kulimtesa. Joto la Januari huku kwetu litamwangusha mtu haraka zaidi. Dakika chache, kisha kivuli na maji, na mtu mmoja nje ambaye kazi yake ni kumwangalia yeye peke yake.

Kumficha

Mwaka 1974, akirekodi filamu ya Jaws, Steven Spielberg alikuwa na papa wa mitambo aliyeharibika kila mara kwenye maji ya chumvi. Akalazimika kumwonyesha papa bila papa: mapipa ya njano yaliyofungwa kwa kamba yanaibuka, yanakimbia juu ya maji, yanazama. Filamu hiyo inatisha zaidi mapipa yanapotokea kuliko papa mwenyewe.

Sisi jerikeni ya njano ya lita 20 iko katika kila boma. Fikiria hili: asubuhi, msichana anateka maji kwenye silanga. Jerikeni yake inateleza, inaelea. Anaingoja isogee kwake. Inasogea kinyume na upepo. Inasimama. Inazama wima, bila kelele, na haiibuki. Hilo linahitaji uzi mrefu wa kuvulia, jiwe, na kijana mmoja upande wa pili akivuta. Hakuna senti nyingine. Rekodi kwa simu iliyotulia juu ya kigogo, usiitikise, usikate mpaka maji yatulie.

Macho yake usiku ni rifleta mbili za baiskeli zilizobandikwa kwenye dumu jeusi linaloelea. Simu inayorekodi iwe na tochi karibu kabisa na lenzi, kisha macho yatawaka. Tochi ikiwa mbali, hayawaki.

Usiku wenyewe unaweza kuurekodi mchana. Subiri baada ya saa kumi na moja jioni, ugeuzie jua mgongo wa waigizaji, uguse kioo cha simu na ushushe mwangaza mpaka karibu kila kitu kiwe cheusi, kisha ongeza ubluu kidogo wakati wa kuhariri. Anga isionekane. Magharibi yetu ni mafupi. Jua likizama una kama dakika ishirini, kwa hiyo fanyeni mazoezi kabla, sio wakati huo.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mto ukiwa chini. Kusi ikianza, upepo utakula sauti zote. Picha za mto uliojaa, ule mwekundu wa udongo, zichukue wakati wa masika ukiwa juu ya daraja la Sabaki, mbali na ukingo. Na hapa nisikilize: onyesho lolote la mtu majini lifanyike kwenye silanga unayoijua au bwawa la samaki, kamwe sio mtoni. Sabaki ina mamba na viboko wa kweli. Hakuna filamu inayolingana na mguu wa kijana wa mtu.

Sauti

Watu hufikiri zimwi ni picha. Fumba macho utazame filamu yoyote ya kutisha, utajua. Mlio wa Gojira ulitengenezwa na mtunzi Akira Ifukube kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari na kusuguliwa kwenye nyuzi za besi kubwa. Wewe toboa kitako cha kopo la mafuta ya kupikia, pitisha uzi mnene wa katani wenye fundo ndani, upake nta ya nyuki, uukamate kwa kitambaa kilicholowa na uvute taratibu. Rekodi ndani ya nyumba ya makuti, kwa sababu mabati yanarudisha mwangwi. Kisha punguza kasi kwa nusu kwenye programu ya kuhariri. Kayamba ikisuguliwa polepole ni tumbo lake likitambaa juu ya majani makavu. Ngoma na zana ambazo ni za wazee wa kaya peke yao ziache zilipo.

Mazungumzo yawe kwa Kigiriama na Kiswahili cha nyumbani. Simu ya pili mfukoni mwa mwigizaji, ikirekodi sauti, itakupa maneno masafi kuliko ile iliyo mbali.

Ruhusa na majirani

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa, na Bodi ya Kuainisha Filamu ndiyo inayosema ni ya umri gani. Msituni utahitaji ruhusa ya Huduma ya Misitu na ya Huduma ya Wanyamapori, KWS. Ndege isiyo na rubani ina sheria zake chini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Bila leseni, iache. Kampuni katika hadithi iwe ya kubuni, na lori lisiwe na nembo ya mtu.

Kuliko vyote, mwambie chifu na wazee wa mtaa tarehe na saa. Mayowe ya usiku Kakuyuni yana maana moja, na watu watakuja na panga wakitaka kusaidia. Kichwa cha kambare kikikutana na kundi hilo gizani, kuna kijana ndani yake.

Jambo jingine la majirani. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Wapo kati ya watazamaji wako waliopoteza ndugu kule. Makaburi ya kina kifupi, watu waliokonda kwa njaa, mhubiri msituni: hivyo visiwemo kabisa katika filamu yako, hata kama vinatisha. Vinatisha kwa sababu vilitokea.

Siku ya kuonyesha

Shuka nyeupe iliyonyooshwa, projekta ya kukodi Malindi, spika za mtu wa disko. Mpe maikrofoni mtu mwenye ulimi, asimulie moja kwa moja kama wanavyofanya Kampala, na kama DJ Afro alivyozoesha Kenya nzima. Lakini mkalishe chini siku moja kabla, mkubaliane kwamba kwenye zile dakika kumi za mwanzo anasema wazi nani alimwaga nini. Watoto wadogo wawe wameshapelekwa kulala.

Anza mapema ili mwisho uwe kabla ya saa tatu, na wanaotoka mbali warudi kwa makundi. Filamu ikiisha usizime jenereta. Washa taa na ukae mbele, kwa sababu swali la kwanza halitakuwa la kambare. Mtu atauliza kama maji wanayokunywa ni salama. Umewaonyesha mto wenye sumu kwa saa nzima, una deni la jibu. Jua mapema nani anachota mtoni moja kwa moja, nani ana bomba, na kwamba maji ya bomba ya Malindi hutoka visima vya Baricho vilivyochimbwa kwenye mchanga wa bonde la Sabaki. Mwalike afisa wa afya ya umma wa wadi aeleze kuchemsha na dawa ya maji zinaua nini, na ni nini haziwezi kuondoa, kama vile risasi na zebaki. Kisha toa nambari ya ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya mazingira, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ile shuka, ibaki pale mpaka kila mwenye kalamu au simu awe ameinakili.